Tawi Bichi Kwenye Njia Panda

Baraka, 3 Juni 1954

Yaya Godelieve, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako mwenye koti jeupe na tumbo tupu. Mama ni mzima, isipokuwa lile goti lake, ambalo analigombeza kila asubuhi kabla hajatugombeza sisi. Barua hii anakuletea Mama Hawa chini ya ndagala zake, kwa hiyo ikinuka usinilaumu. Siku hizi ni yeye peke yake anayethubutu kupanda huko kwenu na chumvi na samaki. Anasema wanaume wa mlimani hawatamgusa, maana wakimgusa watakula maharage bila chumvi mpaka wazeeke.

Yaya, hapa chini tunasikia mambo. Tunasikia kwamba posti ya askari huko juu imezungukwa, ndani wamebaki kumi na sita, na wawili walichomwa mikuki walipotoka kuteka maji. Serikali inakusanya kikosi cha kwenda kuwaokoa. Juzi malori mawili yalifika kutoka Uvira. Askari wamepiga kambi nyuma ya dispanseri ninapotibu wagonjwa, wanaimba na kunoa visu, na jana Luteni wao aliingia kwangu akahesabu bandeji moja moja. Mzungu akihesabu bandeji, mwenye bandeji ajue safari ni yake pia. Ninaogopa, sitaki kukuficha.

Shuka uje Baraka. Mlete Immaculée, alale na bibi yake mpaka mambo yatulie. Na shemeji Anatole yuko wapi? Kuna watu hapa wanataja jina lake, na hawalitaji vizuri. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Placide

*

Mlimani, 7 Juni 1954

Mdogo wangu Placide,

Barua ilinuka kweli, Immaculée akadhani nimeletewa chakula akalia nilipoikunjua. Sisi ni wazima. Anatole naye ni mzima. Amekwenda kukata mianzi ya kujengea, atarudi wiki hii. Wanaotaja jina lake huko chini waambie wataje ya kwao.

Umeandika habari za askari wawili. Mbona hukuuliza nani alianza? Mwezi uliopita walitutoa wote, wanaume kwa wanawake, tukachimbe barabara ya magari wakati maharage yanaoza shambani. Mwamba ukaporomoka ukafunika watu wanne. Tulitaka kuwafukua. Sajini wa posti akasema kazi kwanza, maiti hazikimbii. Tukaendelea kuchimba, na pembeni yangu mkono mmoja ulikuwa umetokeza kwenye mawe. Placide, vidole vilikuwa vinasogea. Vilisogea mpaka saa sita mchana. Mama yake Henri, jirani yetu, alitupa jembe chini akasema yeye anamfukua mtu huyo. Wakamlaza tumbo chini, wakampiga fimbo mbele ya wanawe mpaka mgongo ukawa hauna ngozi. Siku ya tatu akafa.

Ndiyo sababu Henri na wenzake waliwangojea wale wawili majini. Sikuona walivyokufa. Niliosha nguo tu baadaye, na nguo za nani usiniulize.

Siwezi kushuka. Wanaume wamefunga mlima, mwanamke hapiti ila Mama Hawa. Lakini wewe usije! Wewe si unajua dawa ya kuharisha? Kunywa. Lala kitandani, piga kelele, waambie unakufa. Ulipokuwa mdogo ulijua sana kuugua siku za kulima.

Dada yako,
Godelieve

*

Baraka, 11 Juni 1954

Yaya,

Nimekunywa mafuta ya nyonyo, nusu chupa. Nimeharisha siku nzima mpaka mama akaanza kusali rozari. Luteni alikuja, akanitazama, akacheka, akasema nitaendelea kuharisha hukohuko njiani. Basi, ninakuja.

Tutakuwa askari arobaini na wapagazi sitini. Tuna bombomu moja, ile bunduki inayopiga bila kupumzika. Jumatatu malori yanatupeleka Fizi. Jumatano tunaanza kupanda kwa miguu, na Alhamisi asubuhi tutafika kwenye kile kijito chenye njia panda, ambapo njia moja inaingia korongoni na nyingine inapanda ubavuni mwa mlima. Kiongozi wetu ni mzee Eugène, mtu wa huko juu. Walimtoa gerezani Fizi, alikofungwa kwa kuikimbia kazi ya barabara, wakamwahidi akitufikisha anakwenda nyumbani. Ana mke, na anamtaja mpaka askari wamelijua jina lake. Nimempenda mzee huyu. Ananiita mwanawe.

Ninajua sitakiwi kukuandikia haya. Wakiiona barua hii wataninyonga, na pengine Mama Hawa pamoja nami. Lakini nina dada mmoja tu, naye anaishi huko huko ninakopelekwa. Yaya, njia ipi? Jibu litanikuta Fizi.

Placide

*

Mlimani, 14 Juni 1954

Mdogo wangu,

Barua yako nimeichoma. Na hii ukimaliza kuisoma uichome.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitangulia kwenda shambani? Akifika njia panda, alilaza tawi bichi juu ya njia isiyo yetu, nasi nyuma tukafuata iliyo wazi. Siku moja wewe ulilivuka kwa ubishi, ukapotea mpaka jioni, ukarudi umejikojolea. Mama alikuchapa na tawi lilelile.

Alhamisi usilivuke. Hata wakikutukana, hata wakikupiga, usilivuke. Siwezi kuandika zaidi, Anatole yuko mlangoni.

Godelieve

*

Fizi, 27 Juni 1954

Godelieve,

Leo sikuiti yaya. Ninakuandikia kwa sababu nataka ujue ulichokifanya, kitu kwa kitu.

Tulifika kijitoni Alhamisi, jua limeshapanda. Tawi lilikuwepo, limelazwa kwenye njia ya korongoni, majani yake bado yana umande. Mzee Eugène akalionyesha kwa kidole. "Bwana Luteni, huku banafunga njia. Benye kutangulia banapita huku yulu." Luteni hajui mambo ya matawi, akanigeukia mimi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati langu, maana sikuichoma. Nilitaka nitembee nayo. Nikamwambia mzee anasema kweli, njia ya juu ndiyo salama. Nilisema mimi, kwa Kifaransa kizuri nilichofundishwa na mapadri.

Njia ile ni nyembamba, mtu nyuma ya mtu, juu yako mawe na chini yako bonde. Walituacha tukaingia wote mia moja. Halafu mlima ukatuangukia. Jiwe la kwanza liliwachukua askari wa bombomu na bombomu yao, na tulisikia wakigonga miamba mpaka chini. La pili lilimpata mpagazi mbele yangu kiunoni. Miguu yake ilibaki njiani. Wapagazi walitupa masanduku wakataka kurudi, wakakuta walio nyuma wanasukuma kwenda mbele, na watu wetu wenyewe wakawakanyaga watu wetu.

Luteni akatoa bastola. Nilidhani atapiga juu kwenye mawe. Akamgeukia mzee Eugène, aliyeonyesha tawi, akampiga usoni. Mzee alikuwa amefungua mdomo aseme. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na barua mfukoni, nikanyamaza.

Kisha wakashuka na mikuki na mapanga. Koplo Norbert, aliyekuwa akinipa sigara, alipigana kwa kitako cha bunduki mpaka wakamkata mkono wa kulia, akaokota panga kwa wa kushoto, wakamkata na huo. Walio nyuma waliokoka kwa kurudi kijitoni, na Luteni akakimbia nao. Mimi niliinua mkono kujikinga. Vidole vyangu viwili viko huko kwenu, kama unavihitaji. Nilianguka, mpagazi aliyechomwa tumbo akaniangukia, na damu yake ikaniingia mdomoni. Nilikaa chini yake mpaka walipokuja kutuchukua. Hivyo ndivyo nilivyopona, na hakuna zaidi. Sikumwona mtu ninayemjua.

Tumezika thelathini na saba. Uliniambia nisivuke tawi, sikulivuka, na walikuwa wanatungojea palepale uliponipeleka. Anatole alikuamuru, au ulijitolea mwenyewe? Mama akiniuliza ninamwambia barua zako zinapotea njiani.

Kesho kikosi kingine kinapanda huko. Hiki hakina wapagazi. Kina mapipa ya petroli. Sikuambii ukimbie, ninakuambia tu.

Placide

*

Kichakani, 4 Julai 1954

Mdogo wangu Placide,

Mimi bado ninakuita hivyo.

Petroli ilitangulia, barua yako ikafuata. Walifika wakati wa kupika. Posti sasa ina maji na askari wapya, na kijiji chetu hakipo. Mzee Bonaventure, aliyekuwa kiongozi wa wanaume wetu, walimfungia ndani ya nyumba yake na wajukuu wake wawili wa kike. Wasichana walilia kwa muda, yeye hakulia. Tuliokuwa shambani tulilala kifudifudi kwenye mihogo tukasikia yote. Niliziba mdomo wa Immaculée kwa mkono wangu mpaka akaning'ata. Tunalala msituni sasa, anakohoa moshi, lakini yu hai.

Sasa nisikilize, maana unadhani nilikuuza.

Walikuwa korongoni, Placide. Mpango wao wote ulikuwa korongoni. Mzee Bonaventure aliupanga Jumatatu, na Anatole aliniambia akiwa anakula. Ndiyo, alikuwa mmoja wao. Ile habari ya mianzi nilikudanganya, na nguo nilizoosha zilikuwa zake. Nilikuwa na mume upande mmoja na ndugu upande mwingine, na nilitaka mmoja apite juu wakati mwingine anangoja chini. Luteni wako afike postini au asifike, halikuwa shauri langu. Nilitaka watu wawili tu wabaki hai.

Alhamisi alfajiri nilishuka na kibuyu, kama mtu anayekwenda kuteka maji. Nikakata tawi, nikafunga njia ya korongo, nikajificha kwenye mianzi ili nikuone ukipita salama. Lakini wanaume wetu walikuwa hawajashuka! Korongo lile lina baridi, walilala kwenye vibanda vya juu, na Mzee Bonaventure peke yake ndiye aliyekuwa ametangulia kwa njia ya mtoni. Walipofika njia panda wakaona tawi bichi. Wakasema mzee amelifunga korongo, basi mambo yamebadilika, twendeni ubavuni. Hakuna aliyeuliza. Nani anauliza tawi? Mzee alibaki korongoni anawangoja na kuwatukana, mpaka aliposikia mawe.

Niliwaona wakisimama, wakilitazama, wakigeuka. Anatole alikuwa wa tatu. Ningetoka nikapiga kelele. Lakini ningetoka wangejua nani alililaza na kwa ajili ya nani, na Henri angenikata shingo mbele ya mume wangu. Nikakaa. Niliogopa, ndugu yangu, nikakaa mpaka nikasikia viatu vyenu, halafu kikohozi chako nikakijua. Wewe ulinyamaza na barua mfukoni, na mimi nilinyamaza kwenye mianzi.

Sasa nakuuliza jambo moja. Anatole hakurudi. Wetu waliokufa siku ile ni tisa, tumezika tisa, na yeye hayumo. Henri anasema baada ya mapigano Anatole alikuwa akigeuza maiti moja moja. Akafika kwa mmoja, akasema huyu amekufa, tumuache. Baadaye, jua likielekea kushuka, alirudi kule peke yake na kibuyu cha maji, na hakusema anampelekea nani.

Maiti hainywi maji, Placide. Uliandika kwamba hukumwona mtu unayemjua. Niandikie tena.

Godelieve

*

Baraka, 9 Julai 1954

Yaya,

Nilimwona.

Alinigeuza akakuta macho yangu yako wazi. Panga lake lilikuwa juu. Akasema, "We, Placide? Godelieve alisema we utabakia Baraka!" Alikasirika kweli, kama mtu aliyekuta mtoto jikoni karibu na moto. Kisha akamvuta yule mpagazi akanifunika naye vizuri, akachota damu kwa kiganja akanipaka usoni. "Lala. Usipumue sana. Nitaleta mayi." Akasimama akawaambia wenzake nimekufa.

Na maji aliyaleta. Alinishika kichwa nikanywa, nikamwagikiwa, akanipa tena. Akachana shati lake akaanza kunifunga mkono. Alifunga vibaya, nikamwambia azungushe mara mbili, akacheka kidogo akasema daktari hafi bila kufundisha. Ndivyo walivyotukuta. Luteni alikuwa amerudi na askari waliobaki kuchukua majeruhi.

Wakamwangusha, wakamkanyaga shingo. Luteni akaniuliza kama ninamjua mtu huyu. Anatole alinitazama, yaya. Alikuwa ananingoja mimi.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikafikiri, nikisema ni shemeji yangu watanipekua, wataisoma, watajua aliyeongoza jeshi kwenye mawe ni mimi. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni hasira. Niliamini mmeniuza ninyi wawili, na kwamba amekuja na maji kwa sababu ameona aibu. Nikasema, "Simujue huyu. Alikuja kuiba viatu vya batu benye kufa."

Walimchoma kwa visu vya bunduki, maana Luteni alisema risasi zimebaki chache. Walimchoma mara nne. Mara ya tatu alikuwa bado ananitazama. Wakamsukuma chini ya njia.

Yuko kwenye jiwe kubwa lenye ufa, hatua kama thelathini kushuka. Kile kitambaa cha shati lake kilikuwa bado mkononi mwangu waliponishusha Fizi. Nimekifua, ninacho.

Mama bado hajui. Nataka kupanda kuja msibani, nikae chini mbele yako na mbele ya Immaculée. Mkitaka kuniua, mniue, sitakimbia. Niambie tu nije siku gani.

Mdogo wako,
Placide

*

Mlimani, 16 Julai 1954

Placide,

Mama Hawa aliacha kapu lake la samaki njiani, akanishika mkono, tukashuka wote wawili. Jiwe lenye ufa tumeliona. Wanyama walikuwa wametangulia, lakini mguu wa kushoto una kovu la shoka, nami ndiye niliyeliosha kovu hilo lilipokuwa bichi. Tumemzika sisi wawili, wanawake wenye jembe moja. Mama Hawa alisali kwa dini yake, mimi kwa yangu. Immaculée anauliza baba yake yuko wapi. Nimemwambia amekwenda kukata mianzi.

Nimehesabu yaliyo yangu. Tawi ni langu. Ukimya wangu kwenye mianzi ni wangu, na watu wako thelathini na saba na wetu tisa, nitalala nao mpaka nife. Mzee Eugène tugawane, wewe na mimi. Mke wake bado anamngoja, kesho nitakwenda kumwambia. Lakini Anatole ni wako peke yako. Alikushika kichwa ukanywa.

Usije. Mwambie mama kila kitu, kwa mdomo wako mwenyewe, umwonyeshe na kitambaa. Pale njia ya kuja kwangu inapoachana na njia ya kijitoni, nimelaza tawi, na wewe unajua kusoma tawi. Likikauka nitakata lingine.

Godelieve